DENI NA MAVUNO
Somo kwa wakulima na kwa walimu wa vijiji

Mwezi huu twataka kujifunza jambo linalogusa kila nyumba, lakini husemwa kwa sauti ya chini, yaani deni. Mtu aliyeibiwa ng'ombe hupiga yowe, na kijiji kizima hutoka kumsaidia. Mtu mwenye ugonjwa huwaambia jirani zake. Lakini aliyeshikwa na deni hunyamaza. Hupita njia ya nyuma, asionane na mdai wake. Na kwa kuwa hunyamaza, hakuna wa kumpa shauri mpaka siku ile mali yake inapochukuliwa.

Wazee husema, Kukopa harusi, kulipa matanga. Mithali hiyo ni ya kweli, ila haikusema yote. Uko mkopo uliomjengea mtu nyumba, na uko mkopo uliombomolea. Basi yatupasa kujua jinsi ya kuupambanua huu na ule kabla ya kutia sahihi. Tutachukua Dongobesh kuwa mfano wetu, maana mambo ya huko ni kama ya vijiji vingi.

1. Fedha ya mkulima ina majira yake

Dongobesh iko juu katika uwanda wa Mbulu, katika njia itokayo Mbulu mjini kwenda Haydom. Watu wake hulima mahindi na maharage, tena hufuga. Na pale yanapofika maji ya mifereji hulima vitunguu, na vitunguu saumu pia.

Watu wa mbali hudhani kwamba mkulima hukopa kwa sababu ni maskini. Sivyo hasa. Mkulima aweza kuwa na mali ya kutosha, ila fedha yake haiji kila mwezi kama mshahara wa karani. Mvua zinyeshapo mwishoni mwa mwaka, yambidi kununua mbegu na mbolea, na kulipa trekta au vibarua. Mwezi wa Januari watoto wadai daftari na sare. Lakini mahindi hayavunwi mpaka katikati ya mwaka. Katikati ya gharama na mavuno pana miezi 5 au 6, na katika miezi hiyo nyumba yataka kula.

Kitunguu saumu chaonyesha jambo hili waziwazi zaidi. Mbegu yake si kitu kingine ila punje zake zenyewe. Basi apandaye huzika ardhini mali ambayo angeweza kuiuza sokoni siku ile ile, kisha hungoja miezi. Mtu wa namna hii si mvivu wala mpotevu. Amekwisha kutoa mali yake, bado haijarudi. Kumkopesha ni kumvusha kutoka siku ya kupanda mpaka siku ya kuvuna. Na mkopo usiofika ng'ambo ya mavuno ni kama daraja linaloishia katikati ya mto.

Shikeni neno hili, maana ndilo shina la somo letu lote: mkopo wa mkulima upimwe kwa mwezi wa mavuno yake, wala si kwa haraka ya mkopeshaji.

2. Mkopo si jambo geni

Wako wanaosema kwamba kukopeshana kuliletwa na wageni pamoja na benki. Lakini Wairaqw, ambao wengine huwaita Wambulu, tangu zamani wana desturi ya kuwekeana ng'ombe. Mwenye ng'ombe wengi humpa jirani au rafiki mmoja wa kumfuga. Mfugaji hupata maziwa ya watoto wake na samadi ya shamba lake; na ng'ombe, pamoja na wazao wake, hubaki mali ya mwenyewe. Mwenye mali naye hupata faida, kwa kuwa ugonjwa ukiingia katika zizi moja, hawafi wote. Hapana hati wala mhuri. Dhamana ni kwamba watu hawa wajuana, na kesho wataonana tena.

Serikali ya Waingereza ilitazama jambo hili kwa njia nyingine. Kwa sheria ya 1931 katika Tanganyika, mfanyabiashara asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika hakuweza kumdai barazani, isipokuwa mkopo ule umekubaliwa na mkuu wa serikali. Watawala walisema kwamba wawalinda watu wasinyang'anywe mali kwa madeni. Na kweli hatari hiyo ilikuwapo. Lakini mlango uliofungwa ili mwizi asiingie ulimzuia na mgeni mwema. Mkulima aliyetaka kununua plau kwa mkopo halali aliambiwa angoje, na mkopo wa siri ukaendelea gizani, pasipo sheria. Katika habari hii twajifunza kwamba kumkataza mtu kukopa si sawa na kumwondolea haja ya kukopa.

3. Milango mitatu, na hesabu yake

Tuseme yuko mama mmoja, mjane, mwenye eka 2 za mahindi. Mwezi wa Februari ataka fedha ya mbolea ya kukuzia na ya palizi. Mbele yake ipo milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni benki. Fedha ya benki mara nyingi ni nafuu kuliko nyingine, lakini benki humwuliza: Una hati gani? Una mshahara? Umewahi kukopa ukalipa? Mama huyu ana shamba, lakini pengine hana hati. Tena nauli ya kwenda mjini na kurudi mara nne yaweza kula sehemu ya mkopo wenyewe. Benki nayo husema kwamba kumchunguza mkopaji mdogo kwagharimu karibu sawa na kumchunguza mkubwa, na faida yake ni ndogo. Basi wote wawili wana sababu zao, na mama hurudi mikono mitupu.

Mlango wa pili ni mnunuzi wa mazao. Yeye huja mwenyewe mpaka shambani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu.”

“Mama, nimesikia una shida kidogo. Mimi sitaki kukukopesha. Deni ni jambo baya. Nitanunua tu mahindi yako leo, nawe utanipa ukivuna.”

Maneno haya ni matamu, lakini na tuyafanyie hesabu. Tuseme anunua magunia 6 kwa shilingi 45,000 kila moja. Mama apokea 270,000. Mwezi wa Julai gunia lauzwa 75,000, na magunia yale 6 yana thamani ya 450,000. Tofauti ni 180,000. Yaani kwa kila shilingi 3 alizopokea, amezirudisha 3 na kuongeza 2 juu yake, kwa miezi 5 tu. Mnunuzi alisema kwamba si deni. Lakini ni deni, tena lenye riba kubwa, ila riba yake imefichwa ndani ya gunia. Ni kweli kwamba mnunuzi naye amejitia hatarini, maana mvua ikikosekana, au bei ikianguka, yeye atapata hasara. Kwa hiyo tusimwite mwizi. Lakini mama asikubali pasipo kuhesabu.

Mlango wa tatu ni wale wakopeshaji ambao watu wenyewe wameipa mikopo yao jina la kausha damu. Hao hawaulizi hati nyingi, na fedha hupatikana siku ile ile. Tuseme mama apewa 100,000, naye atarudisha 130,000 katika siku 30, kwa kulipa kila siku shilingi 4,300 na kidogo. Mkopeshaji husema, “Riba ni 30 kwa 100 tu.” Lakini tazameni vizuri. Mama hakukaa na shilingi 100,000 kwa mwezi mzima. Alianza kuirudisha siku ya pili, na ilipofika siku ya 15 amekwisha kurudisha karibu nusu. Ukipima fedha aliyokuwa nayo mkononi kweli kweli, siku baada ya siku, ilikuwa kama 50,000 tu. Basi 30,000 juu ya 50,000 ni riba ya karibu 60 kwa 100 kwa mwezi mmoja.

Tena kuna ubaya uliozidi riba. Mahindi hayalipi siku ya pili baada ya kutiwa mbolea. Muuza maandazi aweza kulipa kila siku, kwa sababu auza kila siku. Lakini mkulima atalipa kwa kuuza kuku, kisha mbuzi, kisha atakopa kwa mwingine ili amlipe wa kwanza. Hapo mkopo umekwisha kuacha kuwa daraja.

4. Habari za Raiffeisen

Mambo haya hayakuanza kwetu. Huko Ujerumani, katika nchi ya milima iliyo karibu na mto Rhine, alikuwako mtu jina lake Friedrich Wilhelm Raiffeisen, aliyezaliwa mwaka 1818. Mwaka 1845 aliwekwa kuwa mkuu wa vijiji vya Weyerbusch. Wakati wa baridi wa 1846 na 1847 njaa ikaingia. Raiffeisen akakusanya watu wenye uwezo, wakapata unga, wakajenga tanuri, wakawapa maskini mikate kwa mkopo ili walipe baadaye.

Baadaye aliona shida nyingine. Wakulima wadogo walichukua ng'ombe kwa wafanyabiashara kwa masharti mazito, hata mwisho wengine wakapoteza ng'ombe na shamba pia. Mwaka 1854 akaanzisha huko Heddesdorf chama cha matajiri wema wa kuwasaidia. Chama kikafanya kazi nzuri, lakini baada ya miaka michache wale matajiri wakachoka. Ndipo akatambua jambo kubwa: msaada unaotegemea huruma ya watu wachache haudumu, yafaa wakopaji wenyewe wawe ndio wenye chama. Mwaka 1864 chama cha Heddesdorf kikageuzwa kuwa chama cha kuweka na kukopa, na kila mwanachama akawa mdhamini wa deni la chama kwa mali yake yote.

Kanuni zake zilikuwa chache. Eneo la chama liwe dogo, kama usharika mmoja, ili watu wajuane. Mkopo utolewe kwa kazi yenye faida, na muda wake ulingane na kazi hiyo. Viongozi wasigawane faida. Raiffeisen mwenyewe alikuwa na macho mabovu, hata akaacha kazi ya serikali karibu kipofu. Lakini aliona lile ambalo benki za miji hazikuliona, kwamba jina jema la mtu kijijini kwake ni dhamana. Alifariki mwaka 1888, na vyama vya mfano wake vikaenea katika nchi nyingi.

5. Sanduku la kijiji

Katika Afrika jambo kama hili lilipata umbo jipya mwaka 1991 huko Niger, katika nchi ya Maradi. Shirika la CARE liliwasaidia wanawake kuunda vikundi vya kuweka akiba yao wenyewe na kukopeshana, pasipo fedha ya kutoka nje. Mfano huo ukaenea, ukafika Tanzania, na leo twaujua kwa jina la VICOBA na vikundi vya hisa.

Kazi yake ni rahisi kueleza. Watu 15 hata 30 hukutana kila juma. Kila mmoja hununua hisa kadiri ya uwezo wake. Fedha huhesabiwa mbele ya wote, kisha huwekwa katika sanduku lenye kufuli 3, na funguo zake huwekwa na watu watatu mbalimbali. Anayetaka kukopa husema mbele ya wenziwe ataka kufanya nini, na kwa kawaida hapewi zaidi ya mara 3 ya akiba yake. Mara nyingi mwisho wa mwaka akiba na faida hugawanywa.

Na turudi kwa mama yetu. Kama angekopa 270,000 katika kikundi kwa riba ya 5 kwa 100 kila mwezi, kwa miezi 5 angelipa riba ya 67,500. Tofauti yake na mnunuzi wa mazao ni zaidi ya 110,000. Tena sehemu ya riba hiyo itamrudia mwenyewe siku ya kugawana, kwa sababu yeye ni mmoja wa wenye sanduku.

Lakini tusilisifu sanduku kupita kiasi. Lina udhaifu mmoja mkubwa, nao ni huu: katika kijiji cha wakulima, wote hutaka fedha mwezi mmoja, na wote huwa nazo mwezi mmoja. Ugonjwa humpata mmoja leo na mwingine kesho, na sanduku laweza kuwasaidia. Lakini mvua huwanyeshea wote siku moja. Ndiyo maana sanduku huwa limejaa wakati wa mavuno, na wakati wa kupanda huwa tupu. Na ukame ukija, wote hushindwa kulipa pamoja.

Raiffeisen aliliona jambo hili pia. Mwaka 1872 alianzisha benki kuu ya vyama huko Neuwied, ili chama chenye akiba kikisaidie chama chenye haja. Hapa kwetu kazi hiyo yatazamiwa kufanywa na SACCOS na vyama vya ushirika, na juu yake Benki ya Ushirika Tanzania, iliyozinduliwa Dodoma mwezi wa Aprili 2025. Kikundi kiwezacho kufanya jambo moja tangu leo kifanye hili: kipange siku ya kugawana akiba iwe karibu na siku ya kupanda, wala si mara baada ya mavuno. Hapo kila mtu hupata fedha yake wakati anapoihitaji, pasipo kukopa kabisa.

6. Sheria zinazomlinda mkopaji

Watu wengi hunyanyaswa kwa kuwa hawajui haki yao. Basi na tuzitaje sheria chache.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 yataka kila mkopeshaji awe na leseni, na vikundi vya kijamii viandikishwe. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha watu kwa njia ya simu pasipo kibali. Basi si kila anayekutumia ujumbe katika simu yako amepewa ruhusa ya kukopesha.

Halmashauri za wilaya na miji zaagizwa kutenga sehemu 10 kwa 100 za mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Kikundi kilichoandikishwa chaweza kuomba.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 humwezesha mwanakijiji kupata hati ya hakimiliki ya kimila, nayo yaweza kuwa dhamana. Ni faida, tena ni hatari, maana hati inayofungua mlango wa benki ndiyo iwezayo kulichukua shamba. Na Sheria ya Ndoa ya 1971 yakataza mume au mke kuweka rehani nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenziwe. Mume asitie sahihi usiku, mke akaja kusikia habari siku ya mnada.

Habari ya rehani ni ya kale sana. Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 24, mdai alikatazwa kutwaa jiwe la kusagia la mtu kuwa rehani. Sababu yake yafahamika: ukitwaa kile ambacho mtu hupatia riziki, umemnyima chakula, tena umemnyima na njia ya kukulipa. Kwa mkulima wa Dongobesh jiwe hilo ni ng'ombe wa kulimia, ni pampu ya maji, ni mbegu ya msimu ujao. Vitu hivyo visiwekwe rehani kwa ajili ya mkopo mdogo.

7. Maneno manne ya kuuliza kabla ya kukopa

Kwanza, fedha hii itazaa, au italiwa? Mbolea yaweza kuzaa. Karamu ya harusi hailipi deni lake.

Pili, nitalipa mwezi gani, na mwezi huo mimi nina nini mkononi? Kama jibu ni “sina kitu”, mkopo huo haukukatwa kwa kipimo chako.

Tatu, jumla nitarudisha kiasi gani? Usiulize riba peke yake. Uliza shilingi zote, pamoja na ada ya fomu na faini ya kuchelewa, kisha ziandike kwa mkono wako mwenyewe.

Nne, nikishindwa, kitachukuliwa kitu gani, na mwenzangu wa nyumbani amekijua?

Na ninyi walimu wa vijiji, watu huwaletea barua zao mzisome. Mtu akikuletea karatasi ya mkopo, usimsomee mistari ya juu tu. Msomee yote, hata herufi ndogo za chini. Na aliyekwisha kushikwa na deni, mwambieni asijifiche. Dawa ya deni ni kulipa. Lakini asiyeweza kulipa leo, na aende kwa mdai wake mapema pamoja na shahidi, aombe siku zaidi. Anyamazaye huhesabiwa kuwa mkorofi, ijapokuwa ni mtu mwaminifu aliyekosa mvua.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Katika kijiji chenu fedha huadimika mwezi gani, na kwa sababu gani?
2. Mtu aliuza magunia 4 ya mahindi yangali shambani kwa shilingi 50,000 kila moja. Wakati wa mavuno bei ilikuwa 70,000. Amelipa riba ya shilingi ngapi?
3. Kikundi chenu hugawana akiba mwezi gani? Je, yafaa kuubadili?
4. Jiwe la kusagia la nyumba yako ni kitu gani?